Uzi: Jumba kongwe la klabu ya gofu na namna ya kulifaidi, chumba kwa chumba

Baraza_la_Mbao

Wakuu, uzi huu ni wa jumba la klabu. Mambo ya swingi (upigaji wa mpira) na grini (nyasi fupi zinazozunguka shimo) yana nyuzi zake.

Mtu anaalikwa kwenye klabu yenye miaka mia na zaidi, anacheza mashimo 18, ananawa uso, anakunywa glasi moja akiwa amesimama, anawasha gari. Ameuona uwanja tu. Jumba lilijengwa kwa ajili ya saa mbili zinazofuata, na hizo kaziacha mlangoni.

Majumba haya yana mwendo. Vyumba vimepangwa kumtoa mtu kwenye matope hadi kwenye zulia kwa hatua: mlango wa pembeni, chumba cha kubadilishia, baa ndogo inayokubali viatu vya mchezo (wengi huiita baa ya spaiki), kisha sebule kuu, chumba cha kulia, na baraza. Kila hatua ina viatu vyake, sauti yake na watu wake. Anayeruka hatua ndiye anayejikuta amesimama juu ya zulia la sebule na soksi zenye nyasi, watu wanamtazama naye hajui kosa lake.

Kwa hiyo fika dakika 60 kabla ya muda wako wa kuanza. Dakika 15 za mapokezi na kitabu cha wageni, 15 za kubadilisha, 10 za kupita sebuleni ukiwa bado msafi na kuangalia palivyo, zinazobaki ni za grini ya mazoezi. Ukirudi, tenga saa mbili kamili: nusu saa baa ya spaiki, nusu saa kuoga na kubadilisha, saa nzima sebuleni au barazani. Chini ya hapo utakuwa unaangalia saa.

Kitu cha kwanza cha kuuliza ni kama jumba lilijengwa kwa gofu au lilikuwa nyumba ya mtu. Lile la klabu ya Royal and Ancient pale St Andrews, Scotland, lilijengwa kwa gofu mwaka 1854, na dirisha lake kubwa linatazama tii ya kwanza (mahali pa kuanzia shimo la kwanza) ya uwanja wa Old Course. Shinnecock Hills, Marekani, jumba lao la 1892 lilichorwa na Stanford White, nalo ni la gofu tangu msingi. Lakini Royal Blackheath wako ndani ya Eltham Lodge, nyumba iliyojengwa mwaka 1664 kwa mchoro wa Hugh May, klabu ikahamia humo mwaka 1923. Augusta National nao wanatumia nyumba ya shamba ya 1854. Tofauti hii utaiona ukianza kutafuta kiti. Jumba la gofu lina chumba kimoja kikubwa kinachotazama uwanja, na uhai wote uko hapo. Nyumba iliyogeuzwa ina vyumba vidogo vingi, uwanja huuoni kutoka kwenye kile kizuri kuliko vyote, na raha yake iko kwenye meza ya watu wanne karibu na moto. Usilazimishe dirisha mahali ambapo mjenzi hakuliweka.

Daftari_la_Wageni

Uzi mzuri, mkuu. Naongeza upande wa mgeni, maana hapo ndipo wengi wanapokwama.

Mgeni haingii, anaingizwa. Mwenyeji wako ndiye anayeandika jina lako kitabuni, na kuanzia hapo kila ufanyalo liko kwenye jina lake. Ndiyo sababu ukitangulia kufika usiende baa peke yako. Kaa mapokezi, taja jina la mwenyeji na muda wenu wa kucheza, subiri. Mhudumu wa baa hawezi kukuhudumia bila mwanachama, na kumlazimisha akukatalie ni kumweka pabaya.

Malipo: klabu nyingi za zamani baa inaendeshwa kwa akaunti ya mwanachama. Anasaini chiti, bili inamfika mwisho wa mwezi. Noti yako mezani haina pa kwenda. Makosa ni mawili. Mmoja anang'ang'ania kulipa mbele ya mhudumu, mwingine anaagiza bila kipimo kwa sababu haoni bei. Malizeni jambo hili kwa simu siku moja kabla. Uliza: "Ada ya uwanja nalipia wapi, na baa inakuwaje?" Akisema baa ni yake, wewe shika ada ya kedi (mbeba fimbo) au umwalike kwenu. Agiza baada yake, na agiza kitu cha uzito ule ule.

Mavazi nitayapitia haraka: shati lenye kola, kofia inavuliwa mlangoni, viatu vya pili viko kwenye begi. Koti na tai viwe tayari garini hata kama umeambiwa si lazima, kwa sababu kuna klabu ambazo chumba kimoja tu ndicho kinachodai koti, au kinalidai kuanzia saa fulani, na ndicho ambacho mwenyeji wako atataka kukuonyesha.

Simu ndiyo inayoharibu zaidi. Zima sauti kabla ya kushuka garini. Klabu kadhaa hazitaki simu ionekane kabisa nje ya eneo la magari. Picha za ndani ni kwa ruhusa ya katibu, si ya mwenyeji, kwa kuwa walioketi nyuma yako ni watu walio nyumbani kwao.

Njia_ya_Kedi

Swali, wakuu. Viti. Nimesoma kwamba kuna viti vya watu. Mgeni atajuaje?

Daftari_la_Wageni

Kibao cha jina ni nadra kukikuta. Utajua kwa vitu: miwani juu ya gazeti, mto uliobonyea upande mmoja, meza ndogo iliyogeuzwa kuelekea kiti kimoja. Kiti kinachoona mlango na dirisha kwa pamoja karibu kila mara kina mwenyewe. Muulize mhudumu wa chumba, "Tukae wapi ambapo hatutamsumbua mtu?" Yeye ndiye anayejua nani anakuja saa ngapi, na atakupa mahali pazuri kuliko ambapo ungejichagulia.

Na ukiona meza ndefu moja katikati ya chumba cha kulia, ujue klabu hiyo inajaza viti kwa mfuatano. Unakaa panapofuata, jirani yako ndiye mwenzako wa chakula. Kuacha pengo la viti viwili ni kama kumkataa mtu salamu.

Hikori_1929

Nimengoja mtu afike kwenye kuta.

Mbao za heshima, zile zenye majina ya makapteni na washindi, ndizo maktaba ya jumba, na zinasomeka ukijua alama. Anza na orodha ya makapteni, kwa sababu ni ya mfululizo na ndiyo inayoonyesha umri wa klabu. Kisha tafuta mapengo. Kwenye mbao nyingi utakuta tupu kati ya 1915 na 1918 au 1919, tena 1940 hadi 1945. Hiyo ni vita. Hata The Open, mashindano makuu ya gofu ya Uingereza, haikuchezwa 1915 hadi 1919, wala 1940 hadi 1945. Ukiwa umesimama hapo, linganisha majina ya kabla ya pengo na ya baada yake, kisha tafuta ukutani ubao mdogo wa waliokufa. Mara nyingi uko karibu, na watu hupita bila kuuona.

Pili, namba. Ubao wa mashindano ya skrachi (yasiyo na nafuu) unaonyesha mikwaju yote iliyopigwa. Ubao wa handikapu unaonyesha mikwaju baada ya kutoa handikapu, yaani mikwaju ya nafuu anayopewa mchezaji kulingana na uwezo wake. Mgeni anaona 66 ya mwaka wa zamani anadhani ni maajabu, kumbe ni ubao wa handikapu. Na ukiona 80 imeshinda skrachi miaka ya 1890, usiidharau. Fimbo zilikuwa za hikori (aina ya mbao ngumu) na grini hazikuwa hizi.

Kwenye kabati la kioo angalia mipira kwa mpangilio huu. Mpira wa manyoya ni ngozi iliyoshonwa, ndani umeshindiliwa manyoya ya ndege, na mshono unauona. Wa gutapacha (utomvu mgumu wa mti), ulioanza kutumika mwaka 1848, hauna mshono. Ile ya mwanzo ni laini, ya baadaye ina mikwaruzo au vinundu, kwa kuwa wachezaji waligundua mpira uliochakaa huruka vizuri kuliko mpya. Kisha ukaja wa Haskell wa mwaka 1898, wenye nyuzi za mpira zilizozungushwa kwenye kiini, ukaifuta gutapacha katika miaka michache. Fimbo nazo hivyo hivyo: mpini wa mbao wenye uzi uliofungwa shingoni ni hikori. Royal and Ancient waliruhusu mipini ya chuma mwaka 1929, kwa hiyo mpini ndio unaokupa tarehe ya haraka.

Ukikuta fimbo ya fedha iliyotundikwa mipira ya fedha, simama zaidi. Jiji la Edinburgh lilitoa fimbo ya fedha mwaka 1744, mwaka ule ule wa zile sheria 13 za gofu, za kwanza kuandikwa, na mshindi wa fimbo hiyo ndiye aliyekuwa kapteni. Kila kapteni akaongeza mpira. Klabu nyingine zimefuata desturi hiyo, na kuhesabu mipira ni kuhesabu makapteni. St Andrews bado kapteni mpya anapiga mpira mmoja asubuhi ya Septemba, mzinga unalia, na kedi anayeuokota anapewa sarafu ya dhahabu.

Usiguse kioo kwa kidole, na usiombe kabati lifunguliwe siku ya mashindano. Omba siku ya kazi, asubuhi, kupitia katibu. Mara nyingi utapata mtu mzima mmoja anayelijua kabati lote kwa kichwa, naye anafurahi kuulizwa.

Makaa

Upande wangu ni utunzaji wa jumba, kwa hiyo naongelea moto, ngozi na mbao.

Moto wa sebuleni ukijaza moshi, mgeni hulaumu kuni. Kuni zinaweza kuwa sababu, zinatakiwa ziwe na unyevu chini ya asilimia 20. Lakini katika jumba kongwe sababu ya kwanza ni dohani baridi. Hewa nzito ya baridi imekaa kwenye bomba, moshi unakosa njia, unarudi chumbani. Dawa yake ni kufungua bamba la koo la dohani, kukunja gazeti, kuliwasha na kulishikilia juu kwenye koo kwa dakika moja mpaka uone mwali unavutwa juu, ndipo uwashe kuni. Sababu ya pili ni feni ya jikoni au ya baa. Inanyonya hewa ya jumba lote na kuivuta chini kupitia dohani. Fungua dirisha moja kiasi cha vidole viwili, moshi unakwisha. Wewe mgeni kazi hii si yako, ila ukijua sababu hutafunga dirisha ambalo mhudumu ameliacha wazi kwa makusudi.

Kaa mita mbili hadi tatu kutoka kwenye moto, upande. Mbele kabisa unaungua magoti baada ya dakika 20, na kiti cha ngozi kinakauka na kupasuka. Ndiyo maana viti vimewekwa pale vilipo. Mtu anayevuta kiti karibu na makaa anaharibu ngozi iliyodumu kuliko umri wake.

Meza za zamani zina polishi ya shelaki. Glasi yenye jasho ikikaa juu yake inaacha duara jeupe. Duara jeupe ni unyevu uliobaki ndani ya polishi, na mara nyingi hufifia wenyewe meza ikiachwa ikauke. Duara jeusi maana yake maji yamefika kwenye mbao, hapo ni kazi ya fundi. Weka kisahani chini ya glasi. Ukisahau na alama ikatokea, usisugue kwa kitambaa cha maji. Mwambie mhudumu papo hapo, kwa kuwa saa ya kwanza ndiyo yenye nafuu.

Mwavuli na makoti ya mvua yanabaki kwenye chumba cha kuingilia. Maji ya mwavuli mmoja yanatosha kuinua ubao wa sakafu ya parkweti.

Njia_ya_Kedi

Na dirisha? Nashukuru kwa ya moto, ila mimi ningekaa dirishani tu, niangalie wanaomaliza shimo la 18.

Baraza_la_Mbao

Hapo uko sahihi, mkuu, kwa jumba la aina ile ya kwanza, lililojengwa kwa gofu. Ila kuna adabu yake. Sauti inatoka nje kuliko unavyodhani. Kicheko kwenye dirisha lililo wazi kinafika kwenye grini mtu akiwa juu ya pati yake (mkwaju mfupi wa kuingiza mpira shimoni). Mchezaji akiinama, nyamaza, tuliza glasi, usisimame. Mtu anayesogea nyuma ya kioo, kwenye mstari wa macho ya mchezaji, anasumbua kama aliyesimama kwenye grini yenyewe. Ukiona chumba kizima kimenyamaza ghafla na wewe ndiye unayeongea, angalia nje kwanza.

Muda mzuri wa dirisha ni saa moja kabla ya jua kuzama, ila kama linatazama magharibi utakuwa unakunja uso. Kaa pembeni, mgongo kwenye nguzo ya dirisha, uone grini na chumba kwa pamoja. Na mapazia yakiwa yameshushwa nusu, yaache. Michoro ya rangi za maji na picha za zamani zilizo ukuta wa pili zinapauka kwa jua, na pazia lile ndilo linalozilinda.

Pembe_Nyeusi

Hakuna aliyetaja chumba cha snuka, nacho ndicho chumba kinachopuuzwa kuliko vyote. Watu wakimaliza gofu wanakiruka, wanakwenda baa. Siku ya mvua hakuna chumba kinachokishinda.

Meza kamili ni futi 12 kwa 6. Chini ya kitambaa kuna mabamba matano ya jiwe la sleti, uzito wote unazidi tani moja. Ukiketi ukingoni unaweza kusogeza maungio ya mabamba, na baada ya hapo mpira unaanza kupinda bila sababu. Fundi wa kuisawazisha haji kwa siku moja. Kwa hiyo usikalie ukingo, usiweke glasi juu ya mbao za meza, usipake fimbo yako chaki ukiwa juu ya kitambaa. Geukia pembeni, paka, rudi.

Kitambaa kina manyoya yanayolala upande mmoja, kutoka upande wa kuanzia kwenda upande wa mpira mweusi. Ukimaliza, piga brashi kufuata upande huo, usirudi nyuma, kisha tandika kifuniko na uzime taa za meza. Chumba kikiwa na taa za meza tu, zile nyingine zimezimwa, kinakuwa kimya chenyewe. Watu wanaongea chini bila kuambiwa.

Anayeingia wakati mtu amelenga asimame mlangoni mpaka mpira utulie. Na wasiocheza wana benchi refu la juu ukutani. Limeinuliwa ili aliyeketi aone meza nzima. Kaa hapo hata kama huchezi.

Hikori_1929

Jambo moja zaidi kuhusu nani aliruhusiwa kuingia, maana nalo limeandikwa kwenye majengo haya.

Kwa muda mrefu wachezaji wa kulipwa hawakuruhusiwa kupita mlango wa mbele. The Open ya mwaka 1920 pale Deal, Uingereza, Walter Hagen, mchezaji wa kulipwa kutoka Marekani, aliambiwa abadilishie nguo kwenye duka la mchezaji wa kulipwa aliyeajiriwa na klabu. Akakodi gari la kifahari, akaliegesha mbele ya jumba, akalitumia kama chumba chake. Mwaka ule ule, kwenye US Open, klabu ya Inverness ya Toledo iliwafungulia wachezaji wa kulipwa jumba lake, nao wakachanga wakaipa klabu saa kubwa ya kusimama kama shukrani. Ukiingia jumba lolote kongwe ukakuta saa, kombe au kiti chenye kibao cha shaba, soma kibao. Samani nyingi pale ni shukrani au maombolezo ya mtu.

Wanawake nao walisubiri sana. Royal and Ancient walipiga kura ya kuwakubali mwaka 2014, klabu ya Muirfield mwaka 2017. Ndiyo maana katika baadhi ya majumba vyumba vya wanawake viko ghorofani au kwenye nyongeza ya baadaye, na njia ya kufika huko haiko wazi. Mwenyeji mwenye wageni wanawake aipite njia hiyo mwenyewe siku iliyotangulia, ajue mlango, funguo na maji ya moto viko wapi. Kumwacha mgeni azunguke akiulizia bafu ni kosa la mwenyeji, hata kama jengo ndilo lililochorwa vibaya.

Na wanaouliza habari za Claret Jug, kombe la mshindi wa The Open: lile la asili liko katika jumba la St Andrews. Tangu 1928 mshindi anaondoka na nakala. Jumba lenyewe ni la wanachama, ijapokuwa uwanja ulio mbele yake ni wa umma.

Makaa

Kuna mdau ameniuliza faraghani kuhusu viatu vilivyolowa, namjibu hapa kwa faida ya wote, kwani ndilo tatizo la kila siku la chumba cha kubadilishia.

Usiviweke juu ya hita. Ngozi inakakamaa, gundi ya soli inaachia. Futa udongo kwa brashi kavu, toa soli ya ndani, jaza gazeti lililokunjwakunjwa mpaka vidoleni, vilaze ubavu ili hewa ipite chini. Badilisha gazeti baada ya saa moja, ambayo ndiyo saa yako ya sebuleni, na mara nyingine kabla ya kulala. Saa 24 vinatosha kukauka. Usivifungie kwenye kabati la mbao vikiwa vibichi. Ukungu unahamia kwenye mbao, na kabati la jirani nalo linaanza kunuka. Magazeti ya jana hukaa kwenye kikapu karibu na mlango wa bafu. Ya leo ni ya sebuleni, usiyachukue.